Dripu Kabla ya Jiwe: Namna ya Kumtibu kwa Maji Mtu Aliyepondeka Misuli

Kifusi kinapoanguka katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, wilayani Nzega, wa kwanza kufika ni wachimbaji wenzake aliyefukiwa, wakiwa na sururu na makoleo, na wote wanataka jambo moja tu: kumtoa upesi. Tabibu au muuguzi wa zahanati hufika baadaye, pengine kwa bodaboda, akamkuta majeruhi ameshatolewa, anazungumza, anaomba maji, na watu wanamshukuru Mungu. Mtu huyo huyo anaweza kufa ghafla saa chache baadaye kwa moyo kusimama, na akiponea hapo, mkojo wake unaweza kugeuka mweusi kama chai ya rangi, ukapungua, na kufikia siku ya pili au ya tatu ukakatika kabisa. Mwongozo huu umeandikwa kwa matabibu na wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za Mkoa wa Tabora, ambao wanajua kuweka dripu lakini huenda hawajawahi kuelezwa kwamba kwa majeruhi wa aina hii dripu hutangulia uokoaji wenyewe.

Msuli uliobanwa kwa muda mrefu hufa kwa kukosa damu na kwa mgandamizo, na seli zake zikipasuka humwaga vilivyokuwa ndani: potasiamu, asidi, fosfeti, na mayoglobini, ambayo ni protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ya msuli. Jiwe likiwa bado juu ya paja, sumu hizo hubaki zimefungiwa humo kwa sababu damu haipiti. Jiwe likiinuliwa, damu huingia kwa kasi, ikazizoa na kuzipeleka moyoni na kwenye figo, na wakati huohuo maji ya mwilini hutoka kwenye mishipa na kuingia katika msuli ulioharibika, ambao huvimba na kuwa mgumu. Mtu mzima aliyepondeka mapaja yote mawili anaweza kupoteza kwa njia hiyo zaidi ya lita 10 za maji ndani ya siku mbili bila tone la damu kuonekana nje. Presha hushuka, figo hukosa damu ya kutosha, na mayoglobini huziba vijirija vyake, hasa mkojo unapokuwa mchache na wenye asidi nyingi. Potasiamu haisubiri hayo yote, maana yenyewe huweza kuusimamisha moyo ndani ya dakika chache tangu jiwe liondolewe.

Jambo hili lilielezwa kwa kina mwaka 1941 na madaktari Bywaters na Beall wa London, waliowahudumia watu waliofukuliwa kutoka katika nyumba zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani: walifika hospitali wakiwa na hali ya kuridhisha, kisha figo zikashindwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, madaktari wa Israeli walichapisha taarifa ya watu 7 waliobanwa katika jengo lililoanguka na kuanzishiwa dripu wakiwa bado chini ya kifusi. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa figo. Watu 7 ni wachache mno kuthibitisha kanuni, lakini yaliyoonekana katika matetemeko makubwa ya ardhi, Armenia mwaka 1988 na Uturuki mwaka 1999, ambako mamia ya majeruhi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine, yaliwafanya wataalamu wa figo duniani kukubaliana kwamba saa ya kuanza maji ina uzito kuliko aina ya maji.

Nani atiliwe shaka

Aliyebanwa kwa saa 4 hadi 6 yumo hatarini bila ubishi, ingawa hata saa 1 imewahi kutosha pale uzito ulipokuwa mkubwa na msuli uliobanwa ni mnene. Kwa hiyo paja, makalio, bega na mgongo vitiliwe shaka zaidi kuliko kiganja au kifundo cha mguu. Pamoja na mchimbaji aliyefukiwa, mfikirie mpasua mbao wa Sikonge aliyeangukiwa na gogo porini, utingo aliyebanwa na lori la tumbaku lililopinduka Urambo, na mlevi aliyelalia mkono wake usiku kucha bila kujigeuza. Wapo pia wanaosahaulika kila mara: watuhumiwa wa wizi waliopigwa fimbo na wananchi wenye hasira. Mtu aliyepigwa makalio na mapaja hadi yakavimba ana ugonjwa huu huu, hata kama hakuna mfupa uliovunjika, na kumpa vidonge vya maumivu kisha kumrudisha mahabusu bila kuutazama mkojo wake ni kumwacha katika hatari ya kifo.

Kabla jiwe halijainuliwa

Usiingie kwenye duara kabla wenyeji wa kazi hawajaweka matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta, na kukuhakikishia kwamba mwamba uliobaki hautaanguka. Ukishamfikia majeruhi, shughulikia kwanza njia ya hewa, upumuaji na damu inayotoka, kama ilivyo kwa majeruhi yeyote. Baada ya hapo tafuta mshipa katika kiungo chochote kisichobanwa na kisichojeruhiwa, hata kama ni mkono mmoja tu uliojitokeza kwenye kifusi. Weka kanula kubwa kadiri mshipa unavyoruhusu, ya kijivu au ya kijani, na ukiweza weka mbili. Mshipa ukikataa, sindano ya ndani ya mfupa, kwenye mfupa usiovunjika, inafaa kwa mtu mzima kama inavyofaa kwa mtoto. Ifunge kanula kwa plasta ya kutosha na bandeji juu yake, kwa sababu itavutwa, itapakwa udongo, na huenda wanaume wanne wakamnyanyua majeruhi kwa pupa bila kuikumbuka.

Maji ya kutumia ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ambayo wengi wetu tunayaita salaini. Acha Ringa laktati. Najua ndiyo iliyojaa kwenye rafu nyingi na ndiyo tuliyozoea kumpa mama aliyetokwa damu, lakini ina potasiamu, na majeruhi huyu anakaribia kumwagiwa potasiamu ya kutosha kutoka katika misuli yake mwenyewe. Ni kiasi kidogo, kweli, lakini pale salaini ipo hakuna sababu ya kukiongeza. Kama zahanati ina Ringa laktati peke yake na majeruhi anazidi kuzirai, uamuzi ni mgumu: mimi ningempa ili presha isianguke, huku nikiagiza salaini kwa simu kutoka kituo cha jirani, na ningebadilisha mara ifikapo. Maji ya glukosi ya asilimia 5 hayafai kujaza mishipa, kwa hiyo yasihesabiwe.

Kiwango cha kuanzia kwa mtu mzima ni lita 1 kwa saa, yaani chupa mbili za mililita 500. Kwa mtoto hesabu mililita 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa saa, hivyo mtoto wa kilo 20 atapata mililita 300 hadi 400 katika saa ya kwanza. Mzee, au mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo, apewe karibu mililita 10 kwa kila kilo. Usijaribu kuhesabu matone. Kwa mpira wa kawaida wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, lita moja kwa saa ni matone zaidi ya 330 kwa dakika, na hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Badala yake bandika kipande cha plasta kwenye kila chupa, andika saa ilipoanza na saa inayotakiwa kwisha, fungua kibano chote, na mpe mtu mmoja kazi ya kuishika chupa juu kiasi cha mita moja kutoka kifuani kwa majeruhi. Mtu huyo asiwe ndiye anayeshika koleo. Chupa tupu zisitupwe, zifungwe pamoja na kusafiri na mgonjwa, kwa maana hizo ndizo kumbukumbu isiyobishaniwa ya maji aliyopata.

Uokoaji ukichukua zaidi ya saa 2, punguza mwendo hadi chupa moja kwa saa au chini ya hapo. Mwili uliobanwa bado haujaanza kuyanywa maji kwenye msuli kwa kasi, na majeruhi aliyekaa chini ya mwamba saa 8 huku akipewa lita moja kila saa anaweza kutolewa akiwa na mapafu yaliyojaa maji.

Hapa pana mvutano ambao hauna jibu la kitabuni. Wachimbaji watakuambia, "Daktari, tumtoe kwanza, dripu utamwekea juu," na mara nyingine watakuwa na haki, kwa kuwa duara linaloendelea kumomonyoka halisubiri dripu. Kama pana hatari ya kuporomoka tena, au jiwe limebana kifua na mtu hapumui, mtoeni mara moja na dripu ianze dakika ile anapofika penye usalama. Kama pako imara na majeruhi anapumua, simama na uwaombe dakika 10 za kuweka kanula na kuanza chupa ya kwanza. Ukiweza subiri nusu ya chupa iingie kabla hawajanyanyua. Waelezeni ndugu sababu kwa maneno machache, kwa sababu ucheleweshaji usioelezwa hugeuka ugomvi.

Wapo wanaofunga kamba juu ya kiungo kilichobanwa kwa wazo kwamba watazuia sumu isipande moyoni. Kufunga namna hiyo kunafaa kwa damu inayotoka kwa kasi na isiyozuilika kwa njia nyingine, si kwa kuikinga figo. Kamba huongeza muda ambao msuli unakosa damu, na siku itakapofunguliwa shehena inayosubiri itakuwa kubwa zaidi. Vivyo hivyo kiungo kilichovimba kisikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa mafuta, jambo ambalo bibi nyumbani atapenda kulifanya kwa huruma. Kikae kimenyooka, bila kunyanyuliwa sana, na mwili ufunikwe blanketi, hasa usiku wa Juni na Julai ambapo Tabora huwa na baridi kuliko wageni wanavyodhani.

Kinywaji nacho kina mambo yake. Aliyezimia, anayetapika, aliyeumia tumbo au anayetazamiwa kupelekwa chumba cha upasuaji asipewe kitu mdomoni. Lakini mahali ambapo dripu haipo kabisa na gari liko saa nyingi mbali, majeruhi aliye macho anaweza kunyweshwa kidogokidogo maji safi lita 1 yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Pakiti za kuzuia upungufu wa maji zina potasiamu, na vivyo hivyo madafu, juisi ya machungwa na ndizi mbivu ambazo wageni huleta kwa nia njema. Hivyo vyote vikae mbali na kitanda chake mpaka hospitali iseme vinginevyo.

Saa sita za mwanzo

Jiwe likishaondoka, endelea na lita 1 kwa saa huku ukimpima presha, mapigo ya moyo na upumuaji kila dakika 15. Sikiliza mapafu kila unapofungua chupa mpya. Ukisikia michirizo ya maji chini ya mapafu, au oksijeni ya damu ikishuka na mishipa ya shingo ikatuna, punguza mwendo kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Majeruhi ambaye hakupata dripu chini ya kifusi aanze kwa kiwango hichohicho mara tu unapompokea, hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa uzima huo ndio unaodanganya.

Weka katheta ya mkojo mapema, isipokuwa kama kuna damu kwenye tundu la mkojo au nyonga imevunjika vibaya, hali ambazo zinaashiria kwamba njia ya mkojo yenyewe huenda imechanika. Mkojo wa kwanza umwage kwenye chupa nyeupe na uutazame kwenye mwanga. Rangi ya chai ya rangi au kahawa inatosha kukufanya utende. Kama una vipande vya kupimia mkojo, kipande kitaonyesha damu ilhali hadubini haioni chembe nyekundu, na hiyo ni alama ya mayoglobini. Kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinesi kikipimwa na kuzidi 5,000, hatari kwa figo ni kubwa, ila kipimo hicho hakipatikani katika vituo vingi na matibabu hayapaswi kukisubiri.

Mtu mzima atakuwa amepata lita 3 hadi 6 kufikia saa ya sita. Hapo simama uamue, na kinachoamua ni mkojo. Ukitoka vizuri, na pana muuguzi wa kukaa karibu naye, endelea kutoa maji kwa kiasi cha kuufanya mkojo ufike mililita 200 hadi 300 kwa saa, jambo ambalo huweza kuhitaji zaidi ya lita 6 kwa siku. Kama wodi ina muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40, lengo hilo litamzamisha mgonjwa bila mtu kuona. Bora kubaki kwenye lita 3 hadi 6 kwa siku na kuridhika na mkojo unaozidi mililita 50 kwa saa. Na kama mishipa imejaa, presha imerudi, katheta haijaziba, lakini mkojo hautoki, figo zimeshashindwa kwa sasa. Hapo funga kibano: mgonjwa apate mililita 500 hadi 1,000 tu kwa siku, pamoja na kiasi kinacholingana na anachopoteza kwa matapishi, vidonda au kuhara. Makosa ya siku ya kwanza ni kumpa maji machache, na makosa ya siku ya pili, ambayo nayo huua, ni kuendelea kumiminia mtu asiyekojoa. Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, haitaamsha figo za namna hii. Ina nafasi pale tu mwili umezidiwa na maji.

Kuhusu bikaboneti na manitoli nitasema machache, kwa sababu zimepewa sifa kubwa kuliko ushahidi uliopo. Hospitalini, baada ya mkojo kuanza kutoka, salaini ya nusu nguvu yenye milimoli 50 za bikaboneti ya sodiamu kwa kila lita hutumika kupunguza asidi ya mkojo hadi kipimo chake cha pH kizidi 6.5, na manitoli, ambayo nayo huongeza mkojo, hutumika chini ya waangalizi wenye uzoefu. Manitoli haipewi kamwe mtu asiyekojoa. Kituo kisichokuwa nazo hakijapungukiwa na kitu cha lazima mradi salaini ipo na ilianza mapema.

Potasiamu inapopanda

Kipimo cha umeme wa moyo kifanywe mara mgonjwa anapofika mahali penye mashine, na kisingoje majibu ya maabara. Mawimbi marefu yaliyochongoka, kisha mistari inayopanuka na mapigo yanayopungua, ni dalili ya potasiamu iliyozidi. Toa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20, polepole ndani ya dakika 5 au zaidi, kwa mpira usiopitisha bikaboneti, maana viwili hivyo vikikutana huganda. Kalsiamu huulinda moyo kwa takriban nusu saa hadi saa 1 tu na haipunguzi potasiamu, kwa hiyo fuatisha insulini ya kawaida yuniti 10 pamoja na glukosi ya asilimia 50 mililita 50, na upime sukari kila nusu saa ya mwanzo kisha kila saa. Salbutamoli ya kuvuta kwa mvuke, miligramu 10 hadi 20, husaidia pia. Njia hizi huirudisha potasiamu ndani ya seli kwa saa chache. Kuitoa mwilini ni kazi ya figo au ya mashine. Kalsiamu ya damu ikisomeka ndogo bila degedege, misuli kukakamaa wala tatizo la moyo, iache kama ilivyo, kwani itarudi kutoka katika misuli baadaye.

Dawa za kuepuka ni zile tunazozishika bila kufikiri: diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu, jentamaisini kwa kidonda. Zote huumiza figo. Tumia parasetamoli, tramadoli au mofini. Mtaalamu wa usingizi naye aambiwe mapema kwamba mgonjwa amepondeka misuli, ili asitumie saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo hupandisha potasiamu. Kiungo kinachouma kupita kiasi, kilichokaza kama ubao, na kinachomfanya mgonjwa apige ukelele vidole vinaponyooshwa, kionwe na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Rufaa

Kutoka Nzega hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ni karibu kilomita 115 za lami, na walio upande wa Igunga wako karibu zaidi na Hospitali ya Nkinga. Piga simu kabla gari halijaondoka na uulize swali moja waziwazi: je, mashine ya kusafisha damu inapatikana leo? Jibu likiwa hapana, zungumzeni mapema juu ya Bugando, Mwanza, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa sababu mgonjwa asiyekojoa na mwenye potasiamu inayopanda hawezi kusubiri vikao vya siku mbili. Kwenye barua andika saa aliyobanwa, saa aliyotolewa, saa dripu ilipoanza, idadi ya chupa, kiasi na rangi ya mkojo wa kila saa, na dawa zote alizopewa. Muuguzi asafiri naye akiwa na salaini ya akiba na kalsiamu glukoneti ndani ya mfuko wake, si ndani ya sanduku lililofungwa nyuma ya gari.

Aliyesafishwa damu akavuka majuma ya mwanzo huwa na nafasi nzuri ya figo kurudi. Kurudi kwenyewe hutangazwa na mkojo mwingi, wakati mwingine lita kadhaa kwa siku, na hapo hesabu hugeuka upya: maji aliyokuwa ananyimwa sasa anahitaji, potasiamu iliyokuwa juu inaweza kushuka kupita kiasi, na ile ndizi iliyokatazwa siku ya kwanza inaweza kuruhusiwa baada ya kipimo cha damu.